Saa 48 Kabla ya Rangi ya Nywele

Kujipaka rangi ya nywele nyumbani, bila msusi wala kinyozi, ni jambo ambalo katika miji ya Afrika Mashariki limeacha kuwa la watu wachache, kwa kuwa pakiti za rangi nyeusi, kahawia na nyekundu zinapatikana leo katika maduka ya vipodozi, sokoni, na hata katika vibanda vya mtaani ambako huning'inizwa pamoja na sabuni na nyembe. Mnunuzi wake anaweza kuwa mama aliyeanza kuota mvi na asiyependa jambo hilo lizungumzwe saluni, mwanamume anayejiandaa kwa usaili wa kazi, kijana anayetamani nywele za rangi ya dhahabu, au bibi harusi mtarajiwa anayebana matumizi. Makala haya yanashikilia kwamba hakuna kosa katika kujipaka rangi nyumbani, na kwamba hoja ya kuiacha kazi hiyo kwa wataalamu pekee haina uzito mkubwa mahali ambapo wasusi wengi nao wamejifunza kwa kutazama. Yanashikilia pia kwamba hatua moja, yaani kuijaribu rangi juu ya ngozi saa 48 kabla ya kuipaka kichwani, ni ya lazima kuliko zote, kwamba ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwamba sababu za kurukwa kwake zinaweza kuondolewa.

Ili uzito wa hatua hiyo ueleweke, ni vizuri kuanza na unywele wenyewe. Shina la unywele limejengwa kwa keratini, ambayo ni protini inayounda pia kucha. Nje limefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na ndani kuna kiini ambamo hukaa chembe za melanini, yaani dutu asilia inayoupa unywele weusi, ukahawia au wekundu wake. Mvi ni unywele uliokua bila melanini hiyo. Rangi ya muda hukaa juu ya magamba na huondoka baada ya kuoshwa mara chache, na kwa hiyo haina mengi ya kuelezwa. Rangi ya kudumu, ambayo ndiyo hununuliwa na wengi wanaotaka kuficha mvi, ni suala jingine kabisa, kwa sababu haipakwi juu ya unywele bali hutengenezwa ndani yake.

Katika boksi la rangi ya namna hiyo huwa kuna vichupa au mirija miwili. Mmoja una krimu yenye vitangulizi vya rangi, yaani molekuli ndogo zisizo na rangi, pamoja na amonia au alkali nyingine. Wa pili una haidrojeni peroksaidi, ambayo wasusi huiita divelopa. Alkali huyafungua magamba, molekuli ndogo hupenya hadi kwenye kiini, kisha peroksaidi huzioksidisha, yaani huzifanya ziungane na kuwa molekuli kubwa zenye rangi, ambazo kwa ukubwa wake haziwezi tena kutoka kwa njia zilizoingilia. Anayechanganya kwa mara ya kwanza huliona jambo hili kwa macho yake: krimu iliyokuwa nyeupe bakulini huanza kuwa na uzambarau pembeni, hugeuka kahawia, kisha huwa nyeusi kabla hajamaliza kuvaa glavu. Ndiyo maana maelezo husisitiza kwamba mchanganyiko utengenezwe wakati ule ule wa kupaka, na kwamba mabaki yake yatupwe badala ya kufungiwa kwenye chupa kwa matumizi ya mwezi ujao, kwa kuwa gesi inayoendelea kutoka inaweza kuipasua chupa hiyo. Rangi za unga zinazokorogwa kwa maji tu hufuata kanuni ile ile, isipokuwa kioksidishaji chake ni kikavu na huanza kazi kinapolowana.

Miongoni mwa vitangulizi hivyo, kinachotumika sana katika rangi nyeusi na za kahawia iliyokolea ni parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Asili yake ni katika kemia ya lami ya makaa ya mawe, taaluma iliyochipuka baada ya kijana Mwingereza William Perkin kutengeneza rangi ya kwanza ya viwandani ya zambarau mwaka 1856. Mwaka 1907 mwanakemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele kwa misingi ya kemia hiyo na kuanza kuiuza kwa wasusi wa Paris, na kampuni aliyoianzisha miaka miwili baadaye ndiyo inayojulikana leo kama L'Oréal. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilibaki mikononi mwa saluni, hadi miaka ya 1950, pale kampuni ya Clairol ya Marekani ilipoingiza sokoni rangi ya hatua moja ambayo mwanamke angeweza kuipaka mwenyewe bafuni kwake, na mwaka 1956 ikaanza kuitangaza kwa matangazo yaliyoandikwa na Shirley Polykoff. Kuanzia hapo kujipaka rangi nyumbani kukawa desturi ya kawaida ya Wamarekani, na boksi lenye mirija miwili, glavu na kijikaratasi cha maelezo likasambaa duniani.

Katika pwani ya Waswahili, hata hivyo, PPD haikuingia kwa boksi hilo peke yake. Iliingia pia kwa njia ya piko, yaani ule unga mweusi unaokorogwa kwa maji na kutumiwa kuchorea mikono na miguu ya bibi harusi sambamba na hina. Hina halisi hutokana na majani ya mhina, mmea ambao wanabotania huuita Lawsonia inermis, na rangi yake juu ya ngozi ni ya chungwa inayokolea hadi kuwa nyekundu au kahawia baada ya siku moja au mbili. Haiwi nyeusi tititi ndani ya nusu saa. Weusi wa haraka unaoonekana katika michoro ya harusi za Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hutoka kwenye piko, na piko mara nyingi si kitu kingine ila rangi ya nywele ya unga, iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa na kuhamishiwa kwenye ngozi. Wachoraji wengi wanalijua jambo hilo, maana hununua unga wao kwenye rafu ile ile inakouzwa rangi ya mvi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya. Mzio ni hali ambayo kinga ya mwili huichukulia dutu fulani kama adui, na PPD ni mojawapo ya dutu zinazoamsha mzio wa ngozi kwa urahisi mkubwa, kiasi kwamba mwaka 2006 chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi wa Marekani kiliitangaza kuwa kiamsha mzio cha mwaka. Mzio huo una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza dutu hupenya kwenye ngozi, seli za kinga huitambua na kuihifadhi katika kumbukumbu, na mhusika anaweza asihisi chochote. Katika hatua ya pili, ambayo inaweza kuja baada ya wiki kadhaa au baada ya miaka mingi, ngozi hukutana tena na dutu ile ile, seli zilizokwisha kuitambua hushambulia, na ndipo muwasho, malengelenge na uvimbe hutokea. Msichana aliyechorwa piko kwenye harusi ya dada yake akiwa na umri wa miaka 12, akapata kipele kidogo kilichopona bila dawa, anaweza kuwa tayari amekwisha kuvuka hatua ya kwanza. Akifika miaka 40 na kununua pakiti yake ya kwanza ya rangi ya mvi, ataiona kuwa ni jambo jipya, lakini kwa ngozi yake ni jambo la zamani. Yeye hupaka kwa mara ya kwanza, na mwili wake hujibu kama kwa mara ya pili.

Kiasi cha dutu nacho kina maana kubwa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu PPD katika rangi ya nywele isiyozidi asilimia 2 ya mchanganyiko unaofika kichwani, na haziruhusu kabisa ipakwe juu ya ngozi kwa ajili ya michoro. Piko haina kipimo cha namna hiyo, kwa kuwa kila mchoraji hukoroga kadiri anavyoona unga unashika rangi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu hina nyeusi inayouzwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo desturi zake za harusi zinafanana sana na za pwani ya Afrika Mashariki, ulikuta sampuli zenye PPD iliyokaribia asilimia 30. Ngozi iliyochorwa kwa nguvu kiasi hicho, tena ngozi ya mtoto, inapewa somo ambalo haitalisahau, na kwa kuwa PPD ina undugu wa kikemia na baadhi ya rangi za nguo, baadhi ya kemikali za mpira na dawa ya ganzi iitwayo benzokaini, mzio uliopatikana kwenye harusi moja unaweza kumfuata mhusika hadi kwenye soksi nyeusi na kiti cha daktari wa meno.

Ulaya imelikubali jambo hili waziwazi. Maboksi ya rangi za kudumu yanayouzwa huko hulazimika kubeba onyo kwamba michoro ya muda ya hina nyeusi inaweza kuongeza hatari ya mzio, kwamba rangi hiyo haikukusudiwa kwa walio chini ya umri wa miaka 16, na kwamba aliyewahi kudhurika kwa rangi ya nywele au kwa mchoro wa hina nyeusi asiitumie. Ni jambo la kusikitisha kwamba onyo linalomhusu zaidi msichana wa Mombasa au wa Unguja, ambaye jamii yake huchora piko kila msimu wa harusi, limeandikwa kwa lugha za Ulaya kwa ajili ya watalii waliorudi likizo na malengelenge mikononi.

Jaribio la ngozi ndilo linalojibu swali ambalo kumbukumbu ya mtu haiwezi kulijibu. Namna yake ni rahisi: hupakwa tone dogo la rangi, kadiri ya sarafu ndogo, nyuma ya sikio au upande wa ndani wa kiwiko, kwa kufuata maelekezo ya pakiti kuhusu kama krimu itumike peke yake au ichanganywe kwanza na divelopa, huachwa ikauke bila kufunikwa, na sehemu hiyo hutazamwa kwa muda wa saa 48. Muda huo haukuchaguliwa ovyo, kwa sababu mzio wa PPD ni wa kuchelewa, na seli za kinga huhitaji siku moja, mbili au hata tatu kukusanyika mahali palipoguswa. Anayejaribu asubuhi na kupaka jioni kwa kuwa hakuona kitu amejidanganya, maana ameutazama mlango kabla mgeni hajafika. Ikiwa sehemu iliyopakwa itawasha, itakuwa nyekundu, itavimba au kutoa vipele, rangi hiyo haifai kwake, na pengine hakuna rangi yoyote ya jamii hiyo itakayomfaa. Aliyewahi kuvimba kwa piko hapaswi hata kulifanya jaribio hilo mwenyewe, bali aende kwa daktari wa ngozi. Inafaa pia kusema kwamba jaribio hilo hufanywa kila mara rangi inapotumika, hata ile iliyokwisha kuzoeleka, kwa kuwa mwili unaweza kuanza kuikataa dutu ulioivumilia kwa miaka.

Anayelipuuza jaribio na akawa miongoni mwa wenye mzio huanza kwa kawaida kusikia muwasho kichwani usiku ule au kesho yake, kisha ngozi ya kichwa, masikio na shingo hutoa malengelenge na majimaji, na kope huvimba hadi macho kufumba. Katika hali chache uvimbe huo huzuia pumzi. Wengi wa wanaojipaka rangi hawafikwi na hayo, na ni haki kulisema hilo; lakini hakuna njia nyingine ya kumtambua mapema atakayefikwa, isipokuwa lile tone nyuma ya sikio.

Kwa nini basi jaribio hili hurukwa? Sababu ya kwanza ni wakati. Uamuzi wa kupaka rangi huja pamoja na shughuli, yaani harusi, mahafali, Idi, Krismasi au safari, na aghalabu huja siku moja kabla. Sababu ya pili ni lugha. Kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi kimeandikwa kwa Kiingereza, Kihindi, Kichina au Kiarabu, kwa herufi ndogo zinazomshinda hata anayezijua lugha hizo, na mnunuzi anayesoma Kiswahili vizuri sana hubaki akitazama picha za mwanamke anayetabasamu. Sababu ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kwamba kijikaratasi chenyewe mara nyingine hakimfikii mnunuzi, kwa kuwa muuzaji hufungua pakiti kubwa na kuuza unga kwa kijiko, ndani ya kipande cha gazeti au kifuko cha nailoni kisicho na jina wala tarehe. Unga huo mweusi hauna dalili yoyote ya kuutofautisha wenye asilimia 2 na wenye asilimia 20. Hukaa pia nyumbani bila kifuniko wala onyo, jambo lenye hatari ya peke yake, kwa kuwa PPD ikimezwa na mtoto huvimbisha koo na kuharibu misuli na figo.

Jaribio halirukwi nyumbani tu. Kwa vinyozi wengi wa Dar es Salaam mteja aliyemaliza kunyolewa na kusuguliwa uso huulizwa kama apakwe rangi nyeusi ya nywele na ndevu, na akikubali rangi hupakwa papo hapo, kwa brashi iliyotumika kwa aliyemtangulia, hadi kwenye mstari wa paji la uso ambapo wembe umepita dakika chache zilizopita na kuiacha ngozi ikiwa na michubuko midogo. Ngozi iliyochubuka hupitisha dutu kwa urahisi kuliko ngozi nzima, na maelezo ya watengenezaji husema wazi kwamba rangi isipakwe juu yake. Mwanamume aliyezoea kupakwa hivyo ndiye baadaye hununua pakiti yake ajipake nyumbani, akiuchukua pia ule utaratibu wa kinyozi kana kwamba ndio utaratibu sahihi. Kwa hiyo wanaosema kwamba dawa ya hatari za nyumbani ni kwenda kwa mtaalamu wanapaswa kueleza kwanza mtaalamu huyo amefundishwa wapi.

Nyusi zinahitaji neno lake. Wapo wanaozitinda na kuzipaka piko ili wasihangaike na wanja kila asubuhi, na wapo wanaojipaka mabaki ya rangi ya kichwa kwenye nyusi kwa kuwa yamebaki bakulini. Mwaka 1933 nchini Marekani rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, iliyokuwa na PPD, ilipofusha watumiaji, na mkasa huo ukawa miongoni mwa sababu zilizoifanya nchi hiyo kutunga sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 1938. Sheria hiyo ilizisamehe rangi za nywele zilizotokana na lami ya makaa ya mawe kwa sharti kwamba zibebe onyo la kufanya jaribio la awali na la kutopaka kwenye kope na nyusi kwa sababu ya hatari ya upofu. Karibu karne moja imepita, na onyo hilo bado linahitajika mtaani.

Wengi wanaoogopa kemikali hukimbilia hina, na kwa pwani hiyo si njia ngeni. Wazee wenye ndevu nyekundu za hina wanajulikana katika kila mji wa Waswahili, na desturi yao ina mzizi wa kidini, kwa kuwa imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba siku ya kutekwa Makka aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar, kichwa chake kikiwa cheupe kabisa, na Mtume akaagiza weupe huo ubadilishwe na weusi uepukwe. Wanazuoni wametofautiana kuhusu uzito wa katazo hilo la weusi, lakini athari yake ni kwamba hina iliendelea kuheshimiwa. Hina halisi haina PPD, hushikamana na keratini ya unywele, na kwa watu wazima walio wengi haina madhara. Hata hivyo ni lazima iwe hina kweli, maana pakiti yenye neno hina na ahadi ya weusi wa dakika 30 ni pakiti ya rangi ya viwandani iliyovaa jina la mmea. Tena hata hina safi haimfai kila mtu: watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo ya malaria, wanaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu wanapopakwa hina mwilini. Desturi ya kuwapaka vichanga inastahili kuangaliwa upya.

Kwa vijana wanaotaka rangi ya dhahabu au ya shaba suala si PPD pekee, bali ni blichi, yaani unga wa pasalfeti unaochanganywa na peroksaidi ili kuiharibu melanini na kuutoa weusi. Nywele nyeusi za Mwafrika zikipakwa blichi hupita kwenye wekundu na uchungwa kabla ya kufika kwenye manjano, na anayejaribu nyumbani kwa mara ya kwanza mara nyingi hushtuka katikati ya safari hiyo, akaongeza unga au kuchagua divelopa ya asilimia 12 badala ya asilimia 6, na kuunguza ngozi ya kichwa. Nywele za kipilipili huwa kavu kwa sababu mafuta ya kichwa hayatembei kwa urahisi kwenye mikunjo yake, na kila kunjo ni mahali dhaifu pa kukatikia. Zikiwa zimekwisha kuwekwa dawa ya kulainisha, ambayo nayo ni alkali kali inayovunja viungo vya keratini, kuongezea blichi wiki hiyo hiyo ni kuzikata bila mkasi. Nywele zenye dawa zisibadilishwe rangi kabla ya wiki mbili angalau, na blichi juu ya nywele hizo haifai kufanywa nyumbani hata kidogo.

Kuhusu saratani, ambayo hutajwa sana katika mazungumzo ya rangi ya nywele, ushahidi uliopo hauruhusu hofu kubwa wala utulivu kamili. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya ususi na unyozi katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa wafanyakazi wake, lakini halikupata ushahidi wa kutosha kuhusu matumizi ya mtu binafsi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kwa kufuatilia wanawake zaidi ya 46,000 ulikuta kwamba waliotumia rangi ya kudumu walikuwa na hatari ya saratani ya matiti iliyozidi kwa asilimia 9, na kwa wanawake weusi kwa asilimia 45. Mwingine wa mwaka 2020, uliowafuatilia wauguzi 117,200, haukuona ongezeko kwa saratani nyingi, ingawa uliliona kwa aina chache za saratani ya matiti na kwa saratani ya ovari. Huo wa pili uliwahusu zaidi wanawake weupe, na kwa hiyo haupaswi kutumiwa kumtuliza mwanamke wa Kiafrika.

Yaliyobaki ya kazi ya nyumbani ni mepesi. Kichwa kisioshwe siku ile ile, ili mafuta yake ya asili yaikinge ngozi. Mafuta ya mgando yapakwe kwenye paji la uso, masikio na shingo. Bakuli liwe la plastiki wala si la chuma. Glavu zivaliwe kuanzia kuchanganya hadi kusuuza. Fungu dogo la nywele za nyuma lijaribiwe kwanza ili rangi yenyewe ijulikane. Na muda ulioandikwa usizidishwe kwa kudhani kwamba rangi itakolea zaidi.

Mamlaka nazo zina kazi yake. Tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye jukumu la usalama wa vipodozi nchini, na Kenya ina shirika lake la viwango, KEBS. Mashirika hayo yanaweza kulazimisha kwamba kila pakiti ya rangi ya nywele inayouzwa Afrika Mashariki iwe na maelezo ya Kiswahili yanayosomeka, yakitaja PPD kwa jina na kiasi chake, yakieleza jaribio la saa 48, na yakitaja piko waziwazi badala ya kuificha ndani ya maneno ya jumla. Uuzaji wa unga wa kupima kwa kijiko upigwe marufuku na marufuku hiyo isimamiwe sokoni. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha ususi na unyozi viliweke jaribio la ngozi katika mtihani wa vitendo, na wachoraji wa piko waelezwe, bila kudhalilishwa, kwamba mikono ya watoto ichorwe kwa hina halisi tu. Gharama ya hayo yote ni ndogo.

Msomaji naye asingoje mamlaka. Kabla ya kununua rangi ajiulize kama amewahi kuchorwa piko na kama ilimwasha, amuulize mama au shangazi ikiwa yeye alikuwa mdogo asikumbuke, na ajitengee siku mbili. Shughuli ikiwa ni Jumamosi na rangi ya kupakwa Ijumaa jioni, tone nyuma ya sikio lipakwe Jumatano jioni.